Akina Mama Neema Mia Sita na Kumi na Mmoja

1

Kwa mujibu wa hifadhidata ya Ushirika wa Soko Kuu la Ifakara, Mama Neema alikuwa amenunua magauni ya harusi manane, sare za shule mia tisa na sanda mbili, zote ndani ya mwaka mmoja. Alivaa viatu namba thelathini na sita, thelathini na tisa, na arobaini na mbili pia. Tena alikuwa mjamzito wa miezi mitatu, na wa miezi saba, na papo hapo alikuwa ameshajifungua mapacha.

Redempta aliusoma mstari ule mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akausoma tena.

"Karani," alisema, "huyu mama ni mtu au ni kijiji?"

"Ni mteja mmoja, Bi. Redempta," Karani alijibu. Karani alikuwa mashine, na sauti yake ilitoka kwenye kisanduku kilichokaa mezani kando ya chupa ya chai. "Nimefuata agizo lako la jana."

Agizo la jana. Redempta alilikumbuka vizuri, maana alipolitoa alijipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Yeye ndiye aliyekuwa mtunza majedwali wa Ushirika, na kwa siku tatu mfululizo alikuwa akihamisha kila alichokijua Mpigadebe. Mpigadebe alikuwa sauti ndani ya kipuli. Kwa miaka kumi na miwili watu wa Ifakara walikuwa wamevaa vipuli hivyo, wanawake kwenye ndewe, wanaume nyuma ya sikio, navyo viliwanong'oneza kutwa: mchele wa Kyela umeingia kwa fulani, kile kitanda ulichokipenda bado kipo. Havikubahatisha. Mtu akisimama mbele ya kitu moyo ukamdunda, kipuli kiliuchukua ule mdundo na kuupeleka angani, ambako kampuni ya Mpigadebe ilikuwa imetundika mashine zake. Ulichokinunua, Mpigadebe alikijua. Ulichokitamani ukakipita kwa kujikaza, alikijua zaidi.

Sasa kampuni ilikuwa inafungwa. Leo ilikuwa Ijumaa. Kesho saa sita kamili mchana mashine zingezimwa, na wafanyabiashara mia nne wa soko lile wangeamka Jumapili hawajui mteja wao ni nani wala anapenda nini, na msimu wa mpunga uko mlangoni. Kampuni iliruhusu taarifa zichotwe mara moja tu, na kila kilichochotwa kilifutika kule juu. Namba za wateja ilikataa kuzitoa, ikidai ni mali yake. Hifadhidata nayo ina ubishi wake: haipokei kitu kisicho na mwenyewe. Kila ununuzi, kila kipimo cha kiatu, lazima ufungwe kwa ufunguo kwenye mtu mmoja anayejulikana.

Kwa hiyo Redempta alitumia majina kuwa ufunguo. Na kwa kuwa aliwajua watu wake, kwamba wengi walijiandikisha mara mbili mbili ili wapate tena ile kilo ya sukari ya kukaribishwa, aliagiza kwamba jina likijirudia, wahesabiwe mtu mmoja.

Karibu kote agizo lilifanya kazi safi. Wanaume walijiandikisha kwa majina matatu. Wanawake wengi walijiandikisha kama wanavyoitwa mtaani, lakini wakaongeza alama: Mama Baraka wa Posta, Mama Salome Mapengo, Mama Chausiku Mpishi. Akina Mama Neema peke yao hawakuongeza chochote, kwa sababu kila mmoja alijiona yeye ndiye Mama Neema wa Ifakara.

Nao walikuwa wengi kupita kiasi. Miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya ukame wa miaka minne, bonde la Kilombero lilipata maji, mpunga ukazaa mpaka watu wakakosa magunia, na karibu kila mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka ule aliitwa Neema.

"Nimeunganisha wangapi?" Redempta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mia sita na kumi na mmoja."

"Watenganishe."

"Kule juu wameshafutika, Bi. Redempta. Hapa kwetu wamekuwa mama mmoja."

Redempta aliegemea kiti, akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, maana yeye mwenyewe alijifungua mwezi wa tano wa mwaka ule wa mavuno, na binti yake aliitwa Neema. Nyumbani, kisimani, kanisani, miaka kumi na tisa aliitikia jina hilo. Akaja ofisini, akavaa miwani, akalisahau. Hata yeye alikuwa humo ndani, amevaa viatu namba arobaini na mbili vya mtu asiyemjua.

Kicheko kilipokwisha alibaki na hofu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga yeye.

2

Mwenyekiti wa Ushirika, Bi. Skolastika, alikuwa mwanamke mnene, muuza mchele, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu," alisema mwishowe, "hao akina Mama Neema ndio wanaonunua. Ukiwatoa hao, sokoni tunabaki mimi, wewe na mbuzi. Karani, hakuna dawa?"

"Ipo," alisema Karani. "Nikifungua safu ya moyo, naweza kuwatenganisha ndani ya dakika ishirini. Watu wawili wanaweza kuvaa kiatu kimoja, lakini hakuna wawili wenye matamanio yaleyale. Ila mimi siwafahamu kwa sura. Nitakaposema huyu alitamani hiki, mtu anayewafahamu atanithibitishia ni Mama Neema yupi."

Safu ya moyo ndiyo iliyobeba ile midundo. Nyuma ya kila boksi la kipuli palichapwa ahadi: moyo wako hausomwi na binadamu yeyote. Redempta aliihamisha safu ile ikiwa imefungwa, na kwa siku tatu hakuwa ameigusa.

"Basi fungua," alisema Skolastika. "Tutasoma mimi na wewe tu. Mdomo wangu mimi kaburi."

"Mdomo wako, dada Skola?"

Skolastika alijaribu kukunja uso, akashindwa. Wote wawili walikumbuka ndoa ya katekista, iliyojulikana mji mzima kabla ya bwana harusi mwenyewe kuamua. Walicheka, lakini Redempta alipoacha kucheka alitikisa kichwa.

"Sifungui."

"Redempta! Watu mia nne hao wanategemea—"

"Najua wanategemea. Sifungui."

Alilisema kwa uthabiti, na mara akajitilia shaka. Je, alikuwa akiwalinda wanawake mia sita na kumi, au alikuwa akimlinda mmoja tu? Maana katika safu ile lilikuwamo tarumbeta.

Lilitundikwa dirishani kwa Remijio, muuza vyombo vya bendi, katikati ya njia ya kutoka kanisani. Mwaka wa nne sasa, kila Jumapili, Redempta alipunguza mwendo pale. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minane, kiongozi wa jumuiya, mtu wa kusuluhisha magomvi ya wengine, na kitu alichokitaka kuliko vyote duniani ni kukaa nyuma ya gari la wazi la maharusi, mashavu yamevimba, akipuliza tarumbeta mji mzima usikie. Hakumwambia mtu. Mpigadebe alipoanza kumnong'oneza, "Bado lipo, Mama Neema, njoo ulishike tu," alikivua kipuli akakitumbukiza chooni.

Skolastika alikuwa akimtazama kwa makini. "Unaficha nini wewe?"

"Kila mtu anaficha kitu. Ndiyo maana nyumba zina milango." Redempta alisimama, na wazo likamjia wakati uleule akiwa bado anaongea. "Dada Skola, wewe ukienda kwa mtu unaingiaje?"

"Napiga hodi. Mimi sina adabu kwani?"

"Usipoitikiwa?"

"Napiga ya pili. Ya tatu. Kimya? Naondoka zangu."

"Basi tupige hodi. Karani, vipuli vyao bado vinaitambua midundo yao?"

"Vinaitambua, mpaka Mpigadebe azimwe kesho saa sita. Kipuli kikiwa hai, naweza kumsomea kila mama matamanio yake sikioni mwake mwenyewe. Akisema karibu, nampa namba mpya na vitu vyake vyote vinamfuata. Akisema hapana, navifuta." Karani akaongeza: "Lakini kazi yote itakuwa muamala mmoja. Ndani ya yule mama mmoja asibaki hata mtu mmoja ambaye hatujapata jibu lake. Akibaki mmoja, saa sita ikifika, wote wanarudi kuwa mama mmoja, na vipuli vimekufa."

"Na wasio na kipuli?" aliuliza Skolastika.

Redempta alijibu bila kumtazama. "Asiye na kipuli atasimama mbele ya kipaza sauti, ataje kwa mdomo wake kitu kimoja anachokitamani. Fungu lenye kitu hicho ni lake. Asipoitika hodi tatu, fungu lake tunaliacha liende."

Sheria ilikuwa ya haki. Tena ilimfaa. Hodi zake tatu zingepita kimya, tarumbeta lingefutika, na hakuna ambaye angedhurika. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na wala hakufurahi.

"Wanawake mia sita, asubuhi moja, siku ya Jumamosi yenye kufua," Skolastika alisema. "Watakuja?"

"Watangazie kwamba Ushirika unataka kujua Mama Neema wa Ifakara hasa ni nani."

Skolastika alimtazama, kisha tabasamu likamwenea uso mzima. "Watakuja mbio," alisema.

3

Walikuja mbio. Saa mbili asubuhi sakafu kubwa ya kuanikia mpunga nyuma ya soko haikuwa na nafasi ya kutupa punje. Walikuja wenye vitenge vya sare na wenye mikono yenye povu la sabuni. Walikuja na watoto mgongoni, na vigoda, na mihogo ya kuchemsha. Mtu akiita "Mama Neema!" vichwa mia tano viligeuka kwa pamoja, na mchezo huo peke yake uliwachekesha kwa nusu saa.

"Mama Neema halisi ni mimi," alisema mmoja wa mbele. "Wangu alizaliwa mwezi wa kwanza."

"Wa kwanza si ndiyo ulikuwa ukame bado? Wako ni Neema ya kubahatisha!"

Skolastika alipanda juu ya magunia na kipaza sauti. Aliwaeleza kosa lote bila kulipaka mafuta: mmefanywa mtu mmoja, huyu hapa Redempta ndiye aliyewaunganisha. Redempta alisimama pembeni na kisanduku cha Karani mikononi, akingoja kuzomewa. Badala yake palipigwa vigelegele. Mwanamke mmoja aliuliza kama katika huo muungano mume naye ni mmoja, na kama ni mmoja, ni wa nani, ili wengine wapumzike.

Kisha Karani akapiga hodi.

Alipiga katika vipuli vyote kwa wakati mmoja, na sakafu nzima ikanyamaza. Redempta hakuwa ameona kitu kama kile maishani mwake. Wanawake mia tano na ushei walisimama wakisikiliza, kila mmoja akisomewa moyo wake na hakuna wa pili aliyesikia. Nyuso zilibadilika. Mmoja alifunika mdomo kwa kiganja. Mwingine alicheka peke yake, akatazama huku na huku, akacheka tena. Mama mmoja mrefu alifuta machozi, akasema, "Hapana. Hicho nilishakiacha, kifute," halafu akanyoosha mgongo. Na kutoka kila upande lilisikika neno moja, la kunong'ona na la kupaza, "Karibu. Karibu. Karibu," likikatiza sakafuni kama mvua inayoanza.

Redempta alilia, na wala hakujificha. Alikuwa amekaa na majedwali miaka yote akidhani kazi yake ni kuweka vitu. Hakuwahi kuwaona wenyewe wakivipokea.

Waliohamia Songea na Dar es Salaam waliitikia hukohuko waliko. Saa nne, Karani alitangaza mia tano na thelathini. Saa tano, mia tano na themanini na wawili. Kumi na tisa hawakuitikia hata hodi ya tatu. Wengine walijulikana kuwa ni marehemu, na kwa hao watu waliinamisha vichwa. Mafungu yao yaliondolewa bila kufunguliwa.

Zikafuata zamu za wasio na vipuli. Wa kwanza alikuwa Bi. Eufrasia, mwenye miaka sabini, aliyemlea mjukuu wake Neema tangu siku arobaini. Alishikilia kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ile nguo ya kuogelea," alisema. "Ya njano. Ya dirishani."

Macho yote yakamgeukia.

"Mnanitazama nini? Nimekaa kando ya mto huu miaka sabini, nimefua, nimechota, nimevuka. Sijawahi kuingia kwa raha zangu!"

Shangwe iliyolipuka iliwarusha njiwa wote wa paa la soko. "Mficha uchi hazai!" Skolastika alipiga kelele, akicheza juu ya magunia. "Nani mwingine?" Wakajitokeza wanane. Mmoja alitaka cherehani ya umeme, mmoja darubini ya kutazamia nyota, mmoja kitanda cha kulala peke yake, na huyo alishangiliwa kuliko wote.

Ilipobaki robo saa kufika saa sita, Karani alisema kwenye kipaza sauti, "Limebaki fungu moja. Halina kipuli. Hodi."

Watu wakatazamana. Redempta aliitazama mihuri ya magunia.

Mpango ulikuwa uleule. Hodi mbili zaidi, na kwisha. Lakini alikuwa ameyaona yale ya asubuhi, na moyo wake haukutulia. Mtu ambaye hayupo nyumbani, hodi yake hupita bila lawama. Lakini aliyemo ndani, anayesikia, aliyebana pumzi nyuma ya pazia huku mgeni akisimama juani, huyo watu wana jina la kumwita. Tena mgeni huyu, yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma.

"Hodi," alisema Karani mara ya pili.

"Mama Neema wa mwisho, jitokeze basi!" mtu alipaza sauti. "Tuna nguo kwenye beseni!"

Redempta akawaza jumuiya. Akawaza magomvi atakayosuluhisha kesho na watu watakavyomtazama mashavu. Akamwona Bi. Eufrasia, ameketi kwenye kigoda, anajipepea kwa kanga, na anacheka kama msichana.

"Hodi," alisema Karani. Ilikuwa ya tatu.

"Karibu," alisema Redempta.

Hakulisema kwenye kipaza sauti, lakini waliomzunguka walisikia, na habari ikasafiri sakafuni haraka kuliko Mpigadebe yeyote. Skolastika alishuka magunia. Alimtazama Redempta muda mrefu, akaelewa mambo mengi ya jana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema neno. Alimkabidhi kipaza sauti tu.

"Tarumbeta," alisema Redempta. "Lile la kwa Remijio. Nataka kupuliza tarumbeta kwenye harusi. Nimelitaka miaka minne."

Halafu akina Mama Neema wa Ifakara walipiga vigelegele, na vigelegele havikukoma. Walimbeba juujuu, miwani ikaning'inia sikio moja, na kisanduku kikapokewa na mtu fulani. Karani, ambaye hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena, alitangaza kwamba mstari wa yule mama mmoja ni mtupu, na kwamba muamala umekamilika: wanawake mia tano na tisini na wawili, kila mmoja na namba yake, kila mmoja kwa ridhaa yake.

Saa sita kamili vipuli vyote vilinyamaza. Watu waligusa masikio yao, wakasikia kuku, na cherehani za mafundi, na sauti za wenzao.

Skolastika ndiye aliyevunja ukimya, kama ilivyotarajiwa.

"Mwanangu Philbert anaoa mwezi ujao," alisema. "Bendi niliyoipata ina ngoma tatu na tarumbeta moja. Nimekuwa nikilalamika wiki nzima kwamba halitoshi."

"Dada Skola," Redempta alisema kutoka juu ya mabega ya wanawake, machozi na kicheko vimemchanganyikia usoni, "mimi hata kulipuliza sijui."

"Una mwezi mzima," alisema Skolastika, na kuwaongoza wote kuelekea kwa Remijio.